Milonge ya Kuazima

Katika nchi yetu ya Shibeni kila maandishi huanza kwa kusema kwamba nchi haina njaa. Barua za ofisi huanza hivyo, kadi za arusi huanza hivyo, hata ubao wa zahanati unaotangaza siku za kliniki. Basi nami naanza hivyo hivyo, nisije nikaonekana mtovu wa adabu: nchi haina njaa. Baada ya hapo mtu yuko huru kueleza anachotaka, na mimi nataka kueleza habari za Bi Sikujua na mjukuu wake Kidawa.

Mimi naitwa Mshamu. Wakati huo nilikuwa karani wa Mkuu wa Wilaya. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua, kuzipeleka vijijini na kuwasomea watu wasiojua kusoma, pamoja na wale wanaojua kusoma lakini hawaamini walichokisoma.

Bi Sikujua alikaa kijiji cha Mchangani. Alikuwa mhudumu wa zahanati kwa miaka ishirini na miwili, akifagia, akichemsha vyombo, akiwashikilia watoto wanaodungwa sindano. Sista mmoja aliyepata kufanya kazi pale, kabla hajahamishwa, alimfundisha jambo moja ambalo waraka wa serikali haukuwa umelifikia: kwamba mlonge, mti ambao watu wa Mchangani waliuotesha kuwa uzio tu, una majani yanayoweza kumnyanyua mtoto aliyelegea. Yakaushwe kivulini, si juani. Yatwangwe, yachekechwe. Kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi, kingine kwenye uji wa jioni. Yale mabichi yapikwe mboga, na ukipata karanga, tia karanga.

Alipostaafu alianza kupita nyumba kwa nyumba na mbegu kwenye pindo la kanga. Watu walimcheka. Walisema, "Bi Sikujua sasa anatulisha uzio kama mbuzi." Naye akacheka nao, akaacha mbegu. Mwaka wa pili kicheko kilipungua, maana watoto waliokuwa wakikaa tu mlangoni walianza kukimbiza kuku. Mwaka wa sita Mchangani palikuwa na milonge mia mbili na kumi na minne. Najua hesabu hiyo kwa sababu baadaye nilitumwa kuihesabu.

Mwaka huo huo binti yake aliyeolewa mbali alifariki, na mtoto akaletwa kwa bibi. Ndiye Kidawa. Alikuwa na miezi kumi na minne, miguu imevimba hadi ukibonyeza kidole panabaki shimo, nywele zimegeuka rangi ya kutu. Utepe wa kupimia mkono pale zahanati ulisimama kwenye nyekundu. Jambo lililomtisha bibi yake kuliko yote ni kwamba mtoto hakulia. Mtoto aliyefikia hali ile hana nguvu ya kulia.

Bi Sikujua akampa pakiti za chakula lishe za zahanati kama alivyoelekezwa, akampa uji wenye mlonge, akampa tena. Uvimbe ukashuka. Siku moja asubuhi Kidawa alinyang'anywa kijiko, akaangua kilio. Bibi yake alitoka uani mbio akawaita majirani waje wasikie. Wanawake sita walisimama pale wakamsikiliza mtoto akilia kama watu wanaosikiliza kaswida, na mmoja wao akapiga vigelegele.

Baada ya miezi mitano utepe ulifika njano. Baada ya mingine mitano Kidawa alijifunza kutembea kwa kushika mlonge mmoja hadi mwingine.

Hapo ndipo serikali ilipogundua mlonge.

Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuwa ndani ya ndege, akirudi kutoka nchi za mbali alikokwenda kutibiwa meno, akasoma gazeti kuhusu mti huo. Alishangaa kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Aliposhuka, alitangaza Mwaka wa Mlonge. Wizara ya Shibe ikatoa waraka: Mtukufu atazunguka wilaya zote, na kila wilaya imwonyeshe, pande zote mbili za barabara atakayopita, milonge iliyosimama na kustawi kwa urefu wa kilomita moja. Sisi tulipewa siku kumi na tisa.

Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Lugendo, akaitisha kikao. Mimi niliandika muhtasari, na Bwana Shamba Mwinchande aliombwa kutoa utaalamu.

"Mheshimiwa," Mwinchande alisema, "mlonge huota upesi kuliko miti yote ninayoijua. Lakini siku kumi na tisa ni siku kumi na tisa, na sasa ni kiangazi."

"Hebu soma tena waraka. Umesema iote?"

Mwinchande akasoma. "Umesema isimame, Mheshimiwa."

"Basi sisi tutaisimamisha."

Mwinchande alikuwa mtu mwema. Akitaka kijiji cha Mchangani kisifiwe, alieleza habari za Bi Sikujua na ile miti yake, jinsi watoto walivyonenepa bila semina hata moja. Nimeona madhara mengi katika utumishi wangu, na mengi yalianza na mtu mwema kusema ukweli kikaoni. Mheshimiwa Lugendo aliweka kalamu chini taratibu, akauliza miti hiyo ina urefu gani.

Kesho yake nilikuwa Mchangani na barua mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Karibu. Umekuja na shari au na heri?"

"Nimekuja na barua, bibi." Nikaisoma. Ilisema nchi haina njaa. Ilisema pia kwamba serikali imeamua kuipa heshima miti ya Mchangani kwa kuiazima, na kwamba itarudishwa mara tu baada ya sherehe.

Bi Sikujua alikuwa anachekecha majani. Aliweka chekeche magotini. "Mti unaazimwaje, Mshamu? Mimi nimeazima kinu, nimeazima ungo, nimeazima hata mume wa mtu aje aniezekee paa. Mti sijawahi."

"Utang'olewa, upandwe barabarani, halafu urudishwe. Imeandikwa."

"Nani ameandika?"

"Nimeandika mimi."

"Basi wewe ndiye unayeniahidi?"

Nilitazama barua kana kwamba jibu lilikuwa humo. Kidawa alikuwa amenishika mguu wa suruali, ananiangalia kwa chini. Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Siku ya tatu yakaja malori na vibarua, na Mheshimiwa mwenyewe kwenye gari lake. Bi Sikujua alimwendea akapiga goti kidogo.

"Mheshimiwa, kateni matawi, chukueni mashina, tuachieni visiki. Mlonge ukiukata unachipua. Ukiung'oa umeuua."

"Mama, Mtukufu hawezi kuonyeshwa vijiti vilivyochomekwa. Tunataka mti kamili, wenye asili yake."

"Basi turuhusuni tuchume majani kwanza. Watoto watakula nini?"

Mheshimiwa Lugendo alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto jambo zito. "Mti uliochumwa majani unaonekana una njaa," alisema. "Na nchi haina njaa."

Vibarua wakaanza. Mwinchande alisimamia kila shimo. Kwa kuwa alitaka miti ile iishi, aliwaambia wachimbe chini kabisa, watoe mzizi mzima, hata ule mnene unaoshuka kama karoti, wasiache kipande. Walifanya kazi nzuri sana. Kufikia jioni Mchangani palibaki mashimo mia mbili na kumi na manne, na uani kwa Bi Sikujua mtoto mdogo alikuwa akitambaa, maana hapakuwa na kitu cha kushika.

Unga wa mlonge uliobaki kwenye kopo ungemtosha Kidawa mwezi. Bi Sikujua aligawana na nyumba tisa, ukatosha siku tatu.

Milonge ilipandwa barabarani ikawa safu mbili zinazopendeza. Siku ya kumi na tisa ikafika simu ikisema meno ya Mtukufu yamerudia, safari imesogezwa wiki moja. Wiki ikaisha, ikasogezwa siku kumi tena. Gari la zimamoto lilipeleka maji kila asubuhi, likiyachota kwenye bomba la Mchangani, na wanakijiji wakaambiwa wavumilie wakanywe kisimani. Hata hivyo majani yalinyauka, yakawa njano, yakaanguka. Mheshimiwa Lugendo alitembea barabarani akiyatazama chini. Akaniambia niandike kwamba majani yametoroka kazini.

Siku moja kabla ya ziara, lori lilileta matawi mabichi ya mlonge kutoka shamba la magereza, mbali sana. Wanawake wa Mchangani wakachukuliwa asubuhi, kila mmoja akapewa kibunda cha uzi wa kijani. Kazi yao ilikuwa kufunga matawi mabichi kwenye miti iliyokufa.

Sijui kama naweza kuieleza siku ile vizuri. Palikuwa na wanawake kama arobaini, wengi wana watoto mgongoni, na mikononi mwao mlikuwa na majani yale yale waliyokuwa wakiyapika, mabichi, yananukia. Ofisa mmoja kutoka makao makuu, cheo chake Msimamizi wa Majani, alikuwa akipita kati yao na fimbo. Ilipofika saa kumi aliwapanga mstari. Kila mmoja afungue mdomo. Anyanyue ulimi. Wengine walikutwa na kijani kwenye meno, wakasukutuliwa kwa maji ya zimamoto.

Bi Sikujua mdomo wake ulikuwa safi. Lakini ofisa aligusa fundo la kanga yake kiunoni, lilikuwa limevimba. Akalifungua. Kilitoka kitita cha majani, hakizidi konzi moja.

"Karani, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu," nilisema. "Ni mtu mzima, afande. Mwachie tu."

"Andika jina lake."

Nikaandika. Bi Sikujua alichukua uzi, akayafunga yale majani mtini, jani kwa jani, ofisa akiwa amesimama nyuma yake. Hakuniangalia. Afadhali angeniangalia.

Mtukufu alifika kesho yake saa sita. Watoto wa maofisa walikuwa wamevalishwa nguo za kijijini na kupangwa mbele wakipunga matawi. Watoto wa Mchangani walikuwa wamefungiwa tangu alfajiri kwenye darasa la shule, madirisha yakiwa yamezibwa kwa bendera, wakaambiwa wako mapumziko. Kidawa alikuwa humo.

"Ndugu wananchi!" Mtukufu alisema. "Nimepita. Nimeona. Wenye wivu wanasema Shibeni ina utapiamlo. Nauliza, utapiamlo utapita wapi katika msitu kama huu? Mti huu ni kama serikali yenu. Ukiutikisa, hauanguki!"

Mlonge mmoja ulio karibu na jukwaa ukaanguka polepole, kama mtu anayekaa kitako. Bendi ikapiga wimbo wa taifa ili watu wasimame na kutazama mbele. Wimbo ulipokwisha, Mtukufu aliitangaza wilaya yetu kuwa ya kwanza nchini isiyo na utapiamlo, akatoa cheti chenye utepe. Mheshimiwa Lugendo alilia. Mwezi haukuisha akapandishwa cheo, akaenda wizarani kuwafundisha wengine.

Darasa lilifunguliwa saa tisa. Bi Sikujua alimbeba Kidawa mgongoni hadi nyumbani. Niliwapita njiani na baiskeli, nikashuka, nikatembea nao kidogo. Nilitaka kusema neno lakini kila nililolifikiria lilikuwa kama la barua.

"Hajanywa maji tangu asubuhi," alisema. 

Mtu asifikiri kwamba serikali yetu haitimizi ahadi. Wiki ya pili lori lilirudi Mchangani na milonge yote mia mbili na kumi na minne. Ilikuwa mikavu, mingine imevunjika, lakini ilikuwa kamili kwa idadi. Ilishushwa uani kwa kila mwenye mali kadiri ya haki yake, nami nilikuwa na daftari la kutia sahihi. Bi Sikujua alipokea tisa. Aliinama, akaukwaruza mzizi mmoja kwa ukucha, akatafuta ubichi. Mwinchande alikuwa amesimama kando, kofia mkononi.

"Bibi," alisema, "ningewaacha wakate tu. Nilitaka isife. Wallahi nilitaka isife."

"Najua, Bwana Shamba," alisema Bi Sikujua. "Ulichimba vizuri." Akatia sahihi, akatafuta pa kuweka kuni zile.

Alikuwa na mbegu. Alizipanda siku hiyo hiyo, akazimwagilia maji aliyooshea vyombo. Zilichipua upesi kama desturi ya mlonge, zikawa za kidole, zikawa za kiganja, na kila mche alipouvuna ulitoa majani ya kijiko kimoja kisha ukakaa wiki mbili. Mvua ilikuwa bado mbali. Ndani ya mwezi huo gari la wizara lilikuja zahanati kuchukua maboksi ya chakula lishe, kwa maelezo kwamba wilaya isiyo na wagonjwa haina haja ya dawa. Utepe wa kupimia nao ulichukuliwa.

Miguu ya Kidawa ikaanza kuvimba tena. Bi Sikujua alimbeba kwenda hospitali ya wilaya, mwendo wa saa saba kwa miguu. Muuguzi aliyempokea aliifahamu hali ile kwa kutazama tu, nami sina la kumlaumu. Alifungua daftari la utapiamlo akaonyesha mhuri: LIMEFUNGWA. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe," akaandika minyoo, akampa vidonge vya minyoo na ndizi mbili alizokuja nazo mwenyewe kwa chakula chake cha mchana.

Kidawa alikula robo ya ndizi. Waliporudi nyumbani alikuwa halii. Wanawake wa jirani walikuja wakakaa uani, wakampigia makofi, wakamwonyesha kijiko na kukificha, wakijaribu kumchokoza angalau alie. Alikuwa akiwatazama tu. Alifariki siku ya Jumatano adhuhuri, akiwa na miaka miwili na miezi minne. Mvua ilinyesha Jumamosi.

Nilikwenda mazikoni nikakaa nyuma. Watu wakanipisha kwenye mkeka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kulikuwa na fomu ya kifo, na kuijaza ilikuwa kazi yangu. Penye sababu niliandika kwa mkono wangu neno njaa. Siku kumi baadaye fomu ilirudi kutoka makao makuu na barua ya upole. Barua ilianza kwa kusema nchi haina njaa, kisha ikaeleza kwamba karani bila shaka amekosea tahajia. Niliandika tena vilevile. Ikarudi tena, safari hii barua ikiwa haina upole. Wakati huo huo zahanati, ambako Kidawa bado alihesabika yu hai, ilimtumia Bi Sikujua onyo kwa kosa la kutompeleka mtoto kliniki.

Aliniletea onyo hilo ofisini mwenyewe, akaniambia nije nyumbani kwake na ile fomu. Nilikwenda Ijumaa alasiri. Wale wanawake wa jirani walikuwa wamekaa uani wakichambua mchele wa arobaini.

"Wanataka nini, Mshamu?"

"Wanataka sababu, bibi. Ile niliyoandika hawana. Wanayo orodha yao."

"Nisomee."

Nikasoma. Ajali ya barabarani. Homa. Kuumwa na nyoka. Radi. Minyoo. Uzee.

Aliuliza kama ndizo zote. Nikasema ndizo zote. Aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Homa hakuwa nayo," alisema. "Nyoka hakumuuma. Minyoo wamekwisha kuiandika, na dawa yake alimeza, haikuwa hiyo. Andika uzee."

"Bibi, mtoto wa miaka miwili?"

"Andika, mwanangu. Umri aliopewa ameumaliza wote, hakubakisha hata siku. Mimi sijui uzee mwingine."

Nilimtazama nijue kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Niliweka fomu juu ya goti nikaandika.

"Sasa soma tusikie," alisema.

Wanawake waliacha kuchambua. Nilisimama, kwa sababu mambo ya serikali husomwa kwa kusimama, nikasoma kwa sauti jina lake, jina la mama yake, kijiji chake, na umri wake, miaka miwili na miezi minne. Nikasoma sababu.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Amina," na wengine wakaitikia.